Visiwa vyenye majina mawili na kondoo nusu milioni

Chukua ramani ya dunia, uteremshe kidole chako pwani ya Amerika ya Kusini hadi karibu na ncha yake, kisha ukisogeze kidogo mashariki, baharini. Utaviona visiwa viwili vikubwa vilivyozungukwa na vingine vidogo mamia. Kama ramani yako ilipigwa chapa London, utasoma Falkland. Kama ilipigwa chapa Buenos Aires, utasoma Malvinas. Majina hayo mawili yamekwisha kula roho za watu zaidi ya 900.

Toka visiwani hadi bara la Amerika ni kilomita 480 hivi. Toka hapo hadi London ni kama 13,000. Upepo hauna likizo, miti ya asili hakuna, na wakazi wote ukiwakusanya hawafiki 4,000, wengi wao wakiishi katika mji mmoja tu, Stanley. Basi wakubwa wanagombania nini?

Turudi nyuma. Nahodha Mwingereza, John Strong, alitia nanga mwaka wa 1690, akaupa mlango wa bahari ulio kati ya visiwa vile viwili jina la bwana mkubwa wa kwao, Falkland. Lakini waliotangulia kujenga nyumba ni Wafaransa, mwaka wa 1764. Mabaharia wao walitoka bandari ya Saint-Malo, na hapo ndipo Wahispania walipopata neno lao Malvinas. Waingereza nao wakaja wakapiga kambi upande wa magharibi. Ufaransa ikaikabidhi Hispania makao yake mwaka wa 1767. Waingereza waliondoka mwaka wa 1774, wakaacha bamba la risasi lenye maandishi kwamba mahali pale ni mali ya mfalme wao. Wahispania nao wakaondoka mwaka wa 1811. Wenye kubishana wote wakawa wamekwenda zao, visiwa vikabaki na ng'ombe wa mwituni.

Argentina, ilipojipatia uhuru kutoka kwa Hispania, ilijiona mrithi halali. Bendera yake ilipandishwa huko mwaka wa 1820, na baadaye mfanyabiashara Luis Vernet akapeleka walowezi na wachunga ng'ombe. Mwaka wa 1831 Vernet alikamata meli za Wamarekani waliokuwa wakiwinda sili, manowari ya Marekani ikaja kulipiza kisasi na kuharibu makao yake. Januari 1833 manowari ya Uingereza ikaingia, ikawaamuru askari wachache wa Argentina wafunge virago. Hapo ndipo penye fundo la mambo. Argentina husema watu wake walifukuzwa. Uingereza hujibu kwamba waliofukuzwa ni askari, raia wengi walibaki. Kesi hiyo ingali bichi hadi leo.

Waingereza walijenga Stanley miaka ya 1840, na kondoo wakachukua nafasi ya ng'ombe. Kampuni moja ya Uingereza ilimiliki mashamba makubwa ajabu, ikamiliki na maduka, na mchungaji alikaa katika nyumba ya tajiri wake. Akistaafu, alifungasha. Watoto wa mashambani walisomeshwa na walimu wa kuzunguka toka shamba hadi shamba, pamoja na masomo ya redio. Kuni hazikuwako, kwa hiyo kila familia ilichimba udongo mweusi wa mimea iliyooza, ikaukata kama matofali, ikauanika, ikapikia. Alikuwako pia mnyama mmoja mfano wa mbweha ambaye hakupatikana kokote kwingine duniani. Hakumwogopa binadamu, na hilo ndilo kosa lake. Wafugaji walimmaliza, wa mwisho akauawa mwaka wa 1876.

Kufikia miaka ya 1970 vijana walikuwa wakihama, na London yenyewe ilikuwa ikizungumza na Argentina chinichini jinsi ya kuutua mzigo huo. Ndipo majenerali waliotawala Argentina wakakosa subira. Tarehe 2 Aprili 1982 majeshi yao yalitua Stanley. Uingereza ikatuma manowari zake. Mei 2 nyambizi yake iliizamisha meli ya Argentina, General Belgrano, wakafa 323. Katika kijiji cha Goose Green wakazi zaidi ya 110, wazee na watoto wachanga wakiwamo, walifungiwa katika ukumbi wa kijiji karibu mwezi mzima. Vita vilikwisha Juni 14. Waargentina 649 walikufa, wengi wakiwa vijana walioandikishwa jeshini kwa lazima, na Waingereza 255. Wenyeji waliokufa ni wanawake watatu, nao waliuawa na mizinga ya Waingereza, yaani waokoaji wao.

Ajabu ni kwamba vita hivyo ndivyo vilivyowatajirisha waliosalia. Mwaka wa 1986 Uingereza ilitangaza eneo la uvuvi kuzunguka visiwa, na tangu mwaka uliofuata meli za kigeni hulipia leseni kuvua humo, hasa ngisi. Fedha zikamiminika. Mashamba makubwa yakagawanywa na kuuzwa kwa familia zilizokuwa zikiyatumikia, barabara za changarawe zikafika mahali palipofikiwa kwa farasi, na mwanafunzi anayefaulu akifika miaka 16 serikali humlipia masomo Uingereza. Kondoo wangali karibu nusu milioni, lakini mwenye nyumba sasa ni ngisi.

Mabomu yaliyotegwa ardhini yalibaki, hata kwenye fuo za mchanga. Pengwini walitamba juu yake bila wasiwasi kwa kuwa ni wepesi mno kuyalipua. Walioyaondoa, msomaji wangu, hasa ni Waafrika wenzetu kutoka Zimbabwe, waliojifunza kazi hiyo katika mashamba ya mabomu ya kwao. Walianza mwaka wa 2009, wakamaliza Novemba 2020, na baadhi yao wamehamia huko na familia zao.

Machi 2013 wenyeji waliulizwa kwa kura ya maamuzi kama wanataka kubaki chini ya Uingereza. Asilimia 99.8 walisema ndiyo. Waliokataa ni watatu, na katika mji mdogo kama ule sidhani majina yao ni siri. Argentina iliipuuza kura hiyo, ikidai mtu aliyepandwa na mvamizi hawezi kuwa hakimu wa shamba. Mimi naona hoja hiyo ni nzito ukiwa mwaka wa 1833, lakini inapungua uzito kila kizazi kinapozaliwa na kuzikwa pale.

Hata wafu waliingizwa katika ubishi huo. Karibu na kijiji cha Darwin yapo makaburi ya askari wa Argentina. Argentina haikukubali warudishwe kwao, kwa hoja kwamba tayari wamelala katika ardhi ya kwao. Makaburi zaidi ya 120 hayakuwa na majina, ila maandishi kwamba huyu ni askari ajulikanaye na Mungu tu. Mwaka wa 2016 serikali zote mbili ziliridhia Msalaba Mwekundu ufukue, na chembe za mifupa zikalinganishwa na damu ya ndugu. Machi 2018 jamaa zaidi ya 200 walipelekwa kwa ndege, wakapita kati ya misalaba myeupe wakisoma jiwe baada ya jiwe. Akina mama waliokuwa wamesubiri miaka 36 waliyakuta majina ya watoto wao, wakaketi chini kando yake katika upepo ule.