Mkimbizi naye ana haki ya kutoa

Wenzangu vijana, na ninyi ndugu zetu wa mashirika mnaotusoma, sisi tumezoea kupokea. Tunapokea mgao, turubai, sabuni, mafunzo, hata viatu. Lakini siku mkimbizi akitaka kutoa, watu wanashtuka.

Jirani yangu hapa Nakivale, mama wa watoto wanne, alimfumia kofia mtoto wa mkunga aliyemzalisha. Kofia yenyewe ni nyekundu, juu ina majani ya kijani, mtoto akiivaa anafanana na nyanya. Mkunga alicheka mpaka basi, akaipokea. Wiki iliyofuata akairudisha. Eti mkubwa wake amesema hairuhusiwi kupokea kitu cha mkimbizi.

Wengine watasema ni kofia tu. Haya, tuihesabu. Uzi mwekundu ulitoka kwenye sweta la zamani alilolifumua usiku. Wa kijani aliununua sokoni kwa hela ambayo ingenunua maharage, na sote tunajua mgao umepungua namna gani. Sindano ni spoku za baiskeli zilizonolewa kwenye jiwe. Kichwa cha mtoto mchanga kina mzunguko wa kama sentimita 35, ila kofia inafumwa ndogo kidogo maana uzi unavutika. Akikosea hesabu, anafumua anaanza upya. Huyo mama hakutoa alichobakiza. Alitoa usingizi wake.

Tena kofia kwa mtoto mchanga si pambo tu. Kichwa chake ni kikubwa ukilinganisha na mwili, joto linapotea haraka. Ndiyo maana wauguzi wanasema mtoto akizaliwa akaushwe, awekwe kifuani kwa mama, avalishwe kofia. Mwaka 2006 shirika la Save the Children liliwaomba Wamarekani wafume kofia za watoto wachanga kwa ajili ya nchi maskini. Wengi walifuma, na kila mtu alisema huo ni upendo. Sasa kofia ikitoka kwa mama wa Marekani kuja kwetu ni upendo, ikitoka kwa mama wa hapa kwenda kwa mkunga inakuwa kosa?

Lakini tusidanganyane. Ile sheria ina sababu. Mkimbizi anayetoa kuku ili jina lake liingie kwenye orodha hatoi zawadi, anatoa rushwa. Na mfanyakazi akizoea kupokea, kesho asiye na kuku hatahudumiwa. Mimi ni mtu wa kujitolea, nasimama kwenye foleni na watu, nisingependa sheria hiyo ifutwe.

Ninachoomba ni kutofautisha. Rushwa inakuja kabla ya huduma, kwa siri, na inadai kitu. Shukrani inakuja huduma ikiwa imeshaisha, mbele ya watu, na haidai chochote. Kwa hiyo mashirika yaruhusu kitu kidogo kilichotengenezwa kwa mkono, kionyeshwe kwa msimamizi, kiandikwe kwenye daftari. Na kama hata hiyo haiwezekani, basi msimrudishie mtu zawadi yake mlangoni kama mwizi. Mwambieni, "Mama, asante sana, mimi siruhusiwi kwenda nayo nyumbani, lakini ukikubali tutaiweka wodini, imvalishe mtoto atakayezaliwa leo." Hapo sheria imelindwa na mama hajaaibika.

Na sisi vijana tuko na kazi yetu. Ukitoa, usitoe ili ukumbukwe kwenye orodha ijayo. Ukifuma kofia ya mtoto, usiweke vifungo wala shanga, zinaweza kung'oka akazimeza, wala kamba ya kufunga shingoni. Na wavulana, acheni kusema kufuma ni kazi ya wanawake. Spoku za baiskeli zilizovunjika mnazo ninyi.

Wazee wanasema mgeni siku mbili, siku ya tatu mpe jembe. Sisi tumekaa ugenini miaka, siyo siku. Mtu anayepokea tu kila siku mwisho anajiona hana kitu. Kwa hiyo mkimbizi akikunyooshea mkono, angalia kwanza. Huenda haombi, anakupa.