Insulini Bila Darasa ni Nusu Dawa

Wasee, tuache mchezo. Nilipopatikana na kisukari aina ya kwanza, nilipewa insulini, sindano na onyo moja: "Wachana na sukari." Basi. Na chapo je? Ugali je? Si wanga wote huo hugeuka sukari kwa damu?

Uingereza kuna kozi inaitwa DAFNE. Siku tano unafunzwa kuhesabu wanga ulio kwa sahani na kupima dozi kulingana nao. Mimi niliacha chuo, lakini darasa hilo ningekaa kiti cha mbele. Dozi ikizidi, unaweza kuzimia. Ikipungua sana, damu inajaa asidi.

Kwa hivyo msituambie tu "jichunge". Tufundisheni! Kliniki ikitoa insulini, itoe na darasa.