Chumvi ya samaki na chumvi ya chungu ni moja

Katika mabonde ya Kabare na Walungu, kuna jamaa zinazochimba mabwawa madogo ya tilapia. Wale waliokimbia vita na kupokelewa na ndugu zao huanza na kidogo zaidi: beseni, pipa lililokatwa, vifaranga ishirini wa samaki waliobebwa ndani ya bidoni. Safari inawachosha samaki, wengine wanakufa siku za kwanza. Hapo ndipo mtu anakuja na shauri: chumvi yenye iodini inaua samaki, mununue ile isiyo na iodini, tena bei yake iko chini.

Shauri hilo ni baya, na ubaya wake hauishii kwenye beseni.

Samaki wa mto na ziwa hupoteza chumvi ya mwili wake kidogo kidogo kupitia mashavu, na akisumbuliwa njiani hupoteza zaidi. Chumvi kidogo ndani ya maji inamupunguzia kazi hiyo. Gramu 3 kwa litre moja zinatosha, ni kusema vijiko vinne vya supu katika bidoni ya litre 20, vikorogwe kwanza mpaka viyeyuke. Iodini iliyo ndani ya kipimo hicho ni ndogo sana, haimufanyi samaki kitu. Chumvi ya kuogopa ni ile ya kulambisha ng'ombe: mara nyingi imechanganywa na madini kama shaba, na shaba ndiyo inayoharibu samaki. Vilevile chumvi haisafishi maji machafu. Kwa hayo dawa ni kubadilisha maji.

Na bwawa? Bwawa la metre 10 kwa 10, lenye kina cha metre moja, linabeba litre 100 000. Kulitia chumvi kwa kipimo hicho ni kilo 300. Nani ana pesa hizo? Chumvi ni ya bidoni na beseni, basi.

Ubaya mwingine uko jikoni. Nyumba yenye pesa ya kununua mfuko mmoja haitanunua miwili. Ile isiyo na iodini, iliyonunuliwa kwa ajili ya samaki, jioni inaingia kwenye sombe, na kesho pia. Idjwi iko hapo karibu, kisiwa ambacho waganga walikijua miaka mingi kwa uvimbe wa shingo na kwa watoto waliozaliwa akili ikiwa imedumaa, sababu iodini ilikosekana katika chakula. Mama mwenye mimba hapaswi kurudi kule kwa ajili ya vifaranga ishirini.

Kwa hiyo mfuko ulioandikwa «iodé», wa bei ya chini kabisa sokoni, utumike pande zote mbili. Na mashirika yanayogawa vifaranga kwa wahamishwa yangeweza kuweka mfuko huo juu ya bidoni, pamoja na kijiko cha kupimia, kabla ya mama kuibeba kichwani na kuondoka.