Tuchunguze Kabla ya Kuhukumu: Kompyuta Inayozimika Yenyewe



Juma hili tumeona vema tuwashirikishe jambo lililotokea katika ofisi yetu ya parokia, kwa kuwa tunaamini wengi wenu mmewahi kukutana nalo, iwe shuleni, dukani au nyumbani. Kompyuta yetu ya mezani, yenye umri wa zaidi ya miaka kumi, ilianza kuzimika ghafla. Haikutoa onyo wala haikuandika neno lolote kwenye skrini. Ilinyamaza tu, kama kibatari kilichopulizwa. Na kila ilipozimika, ilipotea kazi ya muda mrefu: majina ya wabatizwa yaliyokuwa yakinakiliwa kutoka katika vitabu vya zamani, ambavyo kurasa zake zimeanza kuchakaa.

Tunakiri kwamba jambo la kwanza tulilofanya halikuwa kuchunguza, bali kuhukumu. Tulimwita binti anayehudumu ofisini tukamwuliza ameifanya nini mashine. Akajibu kwa upole, "Padre, mimi nilikuwa ninaandika tu." Hatukuridhika. Mwingine akasema ni virusi, mwingine akalaumu umeme, na mjumbe mmoja wa kamati ya fedha akashauri tununue mpya. Kila mmoja alikuwa na jibu. Hakuna aliyekuwa na ushahidi.

Maoni yetu ni kwamba mashine inayozimika yenyewe yafaa ichunguzwe kama mgonjwa: iulizwe historia yake kabla ya kupewa dawa. Anayeruka hatua hiyo hulipa mara mbili, kwanza kwa kununua kisichohitajika, kisha kwa kurudi mwanzo. Tena huenda akamdhulumu mtu.

Fundi mmoja kijana alitushauri tuanze na daftari na kalamu, si bisibisi. Kwa majuma mawili tuliandika saa mashine ilipozimika, muda iliokuwa imefanya kazi, na shughuli iliyokuwa ikiendelea. Alitufundisha pia kutenganisha dalili. Kompyuta inayoonyesha skrini ya buluu na kujiwasha upya, mara nyingi ina kasoro ya RAM, ya diski au ya programu. Ile inayokatika kimya kimya, mara nyingi tatizo lake ni joto au umeme. Katika orodha ya matukio inayotunzwa na Windows tulikuta tukio namba 41 limejirudia mara nyingi. Tulidhani tumepata jibu, lakini tukio hilo husema tu kwamba mashine ilizimika bila kufungwa ipasavyo. Halisemi kwa nini. Ni sawa na cheti kinachothibitisha kifo bila kutaja ugonjwa.

Daftari ndilo lililosema. Karibu mara zote mashine ilizimika alasiri, ofisi ikiwa na joto kali, baada ya kazi ya saa kadhaa. Ikumbukwe kwamba kichakataji, ambacho ndicho ubongo wa kompyuta, kimewekewa kinga. Joto lake likifikia kiwango cha hatari, ambacho kwa vingi ni karibu nyuzi 100 za Selsiasi, hupunguza kasi. Likizidi kupanda, mashine hujizima ili isiungue. Tulipoifungua, tulikuta vumbi limejaa katika chuma cha kupoozea hata hewa haikuwa na njia. Fundi alilipuliza nje, huku akiishika feni isizunguke ovyo, akabadilisha na ile krimu ya kupitishia joto iliyokuwa imekauka juu ya kichakataji.

Tulishangilia mapema mno. Baada ya siku tano, Jumamosi asubuhi yenye ubaridi, mashine ilizimika tena. Vumbi lilikuwa limeondoka, lakini tatizo la pili lilibaki. Tuliporudi kwenye daftari tuliona kwamba mara hii ilizimika wakati printa ya leza ilipoanza kuchapa. Printa ya namna hiyo hutumia umeme mwingi inapopasha joto sehemu yake ya kuchapia, nayo ilikuwa imechomekwa pamoja na kompyuta kwenye soketi moja. Tuliihamisha, hali ikawa nafuu, ila haikupona. Ndipo fundi alipopima pawa saplai mashine ikiwa kazini. Waya wa volti 12 hupaswa kubaki kati ya volti 11.4 na 12.6, wetu ulishuka chini ya hapo. Aliazima pawa saplai nzima kutoka mashine nyingine, akaifunga, na kwa majuma mawili kompyuta haikuzimika hata mara moja. Kapasita zilizomo ndani ya pawa saplai huchoka kwa umri na joto, na zikichoka haziwezi kuhimili umeme unapoyumba kidogo.

Hapa tunawasihi jambo moja: msiifungue pawa saplai wenyewe. Hata ikiwa imechomolewa ukutani, kapasita zake zaweza kubaki na umeme wa kumdhuru mtu. Hubadilishwa nzima. Mengine ni ya kila mtu: badilisheni kitu kimoja tu kwa wakati mmoja, la sivyo hamtajua kilichoponya ni kipi.

Je, ilifaa kuitengeneza? Kwa maoni yetu, ndiyo, kwa kuwa gharama ilikuwa ndogo kuliko ya kununua mpya. Lakini tusijidanganye. Mashine yetu haina uwezo wa kupokea Windows 11, na Windows 10 iliacha kupewa huduma ya kawaida tarehe 14 Oktoba 2025. Hivyo tumeamua itumike kunakili majina tu, bila intaneti, na kila jioni kazi ya siku ihifadhiwe kwenye flashi mbili, zikae mahali tofauti. Vitabu vyenyewe vinabaki kabatini, kwa maana hakuna hitilafu ya umeme inayoweza kuvizima. Usipoziba ufa utajenga ukuta.

Lililotugharimu zaidi halikuwa pawa saplai. Tulimwita tena yule binti, safari hii tukamwomba radhi mbele ya wale waliosikia tukimlaumu. Alitabasamu, akasema, "Padre, yamekwisha," kisha akaendelea kuandika. Daftari lile bado lipo mezani pake. Ameliongezea safu moja: jina la aliyelaumiwa kabla ya uchunguzi. Hadi leo safu hiyo ina jina moja tu, nasi tunaomba ibaki hivyo.

Tunawatakia Dominika njema.