Mtumishi si Mpagazi wa Siasa

Wapo wanaodai kwamba dawa ya upendeleo katika utumishi wa umma ni moja tu: mtumishi apigwe marufuku kabisa kujihusisha na siasa. Dawa hiyo mkoloni alikwisha kuijaribu. Mwaka 1953 serikali ya Gavana Twining ilitoa waraka wa kuwazuia watumishi wake kuwa wanachama wa vyama vya siasa. Shabaha ilikuwa TAA, chama kilichotegemea makarani, walimu na matabibu, yaani wale Waafrika wachache waliopata elimu.

Waraka huo uliumiza, hapana shaka; mtu mwenye watoto hachezei mshahara. Lakini TANU ilizaliwa Julai 7, 1954, na mwaka uliofuata Mwalimu Nyerere, aliyepata kufundisha St. Mary's Tabora kabla ya Pugu, alipotakiwa kuchagua, aliacha kazi. Mkoloni akawa amekizawadia chama kiongozi asiye na shughuli nyingine usiku na mchana! Januari 1958 ni Tabora hiyo hiyo TANU ilikokutana na kuamua kuingia katika uchaguzi wa kura tatu.

Mwaka 1964 watumishi waliruhusiwa kujiunga na TANU. Baada ya vyama vingi kurejea mwaka 1992, Katiba imewakataza askari kuwa wanachama, ikawaachia kura yao. Mtumishi wa kawaida anaruhusiwa uanachama, ila asifanye siasa saa za kazi wala mahali pa kazi, na asimbague mwananchi kwa sababu ya chama chake.

Mpaka huo ni wa haki. Lakini na utazamwe kutoka Tura, huko mashariki ya Tabora, mahali misafara ya zamani ilipopumzika baada ya kuvuka Mgunda Mkali. Katika kijiji cha namna hiyo saa za kazi za mwalimu huisha lini? Mzazi anayemwona jioni amevaa fulana ya chama atasahau vipi kwamba kesho ndiye atakayemsahihishia mwanawe mtihani? Hapo kanuni hufika kikomo, na kinachobaki ni dhamiri ya mwalimu mwenyewe.

Walakini dhamiri hiyo haiwezi kusimama peke yake mbele ya mkubwa anayeagiza walimu na wanafunzi wajaze uwanja wa mkutano. Akikubali, mwalimu amevunja kanuni. Akikataa, anaogopa uhamisho. Huu ni upagazi, na wakubwa wa aina hii wanakiaibisha chama wanachodhani wanakisaidia, kwa maana chama chenye wanachama wa kweli hakihitaji gari la halmashauri wala kengele ya shule ili kupata wasikilizaji.

Basi wanaotaka marufuku mpya waache kumwinda mwalimu kwa kadi iliyomo mfukoni mwake. Uchunguzi uanze kwa yule aliyetoa amri, na kwa yule aliyetia saini ili gari litoke.