Taulo Haioti Jua

Wiki jana kuna video ilinipata TikTok. Meli ya kitalii, bahari ya Karibi, jua ndio linachomoza. Mzee mmoja amebeba rundo la taulo kama mtu anapeleka mzigo Gikomba. Anapita kando ya bwawa la kuogelea akitandika vile viti virefu vya kulalia. Kiti cha kwanza, taulo. Cha pili, taulo. Cha tatu, kitabu. Cha nne, slipa. Slipa moja, wasee. Hata si jozi. Akafikisha viti sita, akajipangusa mikono, akarudi chumbani kulala.

Nilicheka, nikaituma kwa binamu yangu. Yeye hakucheka. Alinijibu kwa sauti, dakika nne nzima, na nilipomaliza kuskiza nikajua lazima niandike hii kitu.

Binamu yangu ni mhudumu wa sitaha kwa meli kama hiyo. Kampuni sitaitaja, bado anahitaji mshahara. Mkataba wake ni miezi minane, siku saba kwa wiki, Jumapili hakuna. Kila asubuhi kabla wageni waamke anapanguza vile viti, anavipanga mistari, anakunja taulo. Anasema siku ambazo meli haitii nanga popote, kufikia saa mbili asubuhi viti vyote vya karibu na maji vimeshikwa. Ukihesabu watu hawafiki nusu. Zilizolala pale ni taulo.

Na si ati hakuna sheria. Kuna ubao kando ya bwawa, maandishi makubwa: kiti kikikaa dakika 40 bila mtu, vitu vitaondolewa.

Sasa skiza. Siku moja mama mmoja akaja saa nne na watoto wawili. Akazunguka bwawa mara mbili, hakuna pa kukaa. Akamuuliza binamu yangu, hivi viti vitatu ni vya nani? Binamu yangu alikuwa amebandika karatasi yenye saa tangu saa mbili. Masaa mawili yamepita, mwenyewe hajaonekana. Akafanya vile ubao unasema. Akakunja taulo, akaweka kitabu na miwani kwa mfuko, akapeleka kaunta ya taulo. Mama akakaa, watoto wakaingia maji.

Saa sita mwenye taulo akatokea. Kelele, kidole usoni, "unajua nimelipa pesa ngapi?" Akasema miwani yake imekwaruzwa. Msimamizi akaja mbio, akamwomba mgeni msamaha, akampa kinywaji cha bure. Mama na watoto wakaambiwa wasonge. Binamu yangu akapewa barua ya onyo.

"Tangu hiyo siku," akaniambia, "mimi nikiona taulo ni kama nimeona nyoka. Sigusi."

Kwa hivyo wacha niseme bila kupaka sukari. Kushika kiti na taulo halafu uende zako masaa matatu ni wizi. Usiniambie ni ujanja, na usiniambie ni kujipanga. Unaiba muda wa mtu mwingine, na bili inaangukia mtu mwenye mshahara mdogo kuliko wote hapo.

Najua mtakuja na maneno. Njooni moja moja.

"Lakini nimelipa." Sawa, na nani hajalipa? Hakuna mtu alipanda hiyo meli kwa kuruka ukuta. Icon of the Seas, ile meli kubwa ya Royal Caribbean iliyoanza safari zake Miami Januari 2024, ikijaa inabeba abiria kama 7,600. Ina mabwawa saba. Piga hesabu hata kama hesabu ulianguka: hakuna mahali utaweka viti 7,600 kando ya maji. Hakuna meli imewahi kuahidi kila mtu kiti chake kutoka asubuhi hadi jioni. Hiyo kitu inafanya kazi kwa zamu. Wewe unakaa, unachoka, unaenda kula, mwingine anakaa. Tiketi yako ilinunua ruhusa ya kutumia bwawa. Kiti hukununua. Ukitaka kununua sehemu yako peke yako, hizo meli zinakodisha vibanda vya kivuli kwa siku nzima. Toa pesa. Lakini hutaki kutoa pesa. Unataka kupata kibanda kwa bei ya slipa moja.

"Mapema ndio best." Hii naipenda kwa sababu ni yetu. Lakini hebu fikiria. Mapema ndio best kwa sababu mtu aliyefika mapema anaanza mapema. Ukifika stage saa kumi na moja unapanda gari saa kumi na moja. Huwezi kufika saa kumi na moja, uache soksi kwa kiti cha matatu, urudi nyumbani ulale, halafu saa tatu uniambie nitoke hiyo siti ni yako. Konda atakucheka mpaka Rongai. Aliyeamka mapema akakaa kwa kiti akaota jua, huyo namheshimu, hata akikaa mpaka jioni. Yuko hapo. Anatumia. Lakini wewe uliamka dakika kumi, ukarudi kulala, na sasa unataka sifa za mtu aliyeamka.

"Kwani hata mtaani watu hawawekei nafasi?" Hapa ndio mnadhani mmenishika. Ndiyo, wanaweka. Mimi nimekulia mtaa ambao maji yanakuja Jumanne na Ijumaa, na tukisikia yamekuja, mitungi inapangwa kwa laini mpaka nje ya geti. Mtungi wa njano umekaa pale, mwenyewe ako kwa nyumba anapika. Hakuna mtu anapiga kelele. Kwa nini? Kwa sababu mtungi una adabu zake. Laini inasonga. Mwenyewe ako karibu, ukiita anatoka. Na zamu yako ikifika hujatokea, mtungi wako unasukumwa kando, mwingine anateka, na hakuna mtu atakuomba msamaha wala kukununulia soda. Ukileta mitungi 15 mama wa pale mbele atakuuliza kama umefungua hoteli.

Sasa linganisha na ile taulo. Laini hakuna. Mwenyewe hajulikani ako wapi. Hakuna zamu inayofika, kwa hivyo hakuna zamu inayopita. Na akipatikana hakuwepo, yeye ndiye anaombwa msamaha. Mtungi unasema "nangoja pamoja na nyinyi". Taulo inasema "nyinyi ngojeni, mimi nimelala".

Na si ati nachukia taulo. Mwaka 2023 huko Ugiriki, wakazi wa kisiwa cha Paros waliingia pwani na taulo zao wakaandamana. Biashara zilikuwa zimejaza mchanga na viti na miavuli ya kukodisha mpaka mwenyeji hana pa kutandika kitambaa kwa pwani ambayo kisheria ni ya umma. Ile harakati ikaitwa ya taulo. Cheki tofauti: kwa kila taulo ya Paros kulikuwa na mtu, na mtu mwenyewe alikuwa anasema hii sehemu ni yetu sote. Taulo ya melini haina mtu na inasema hii sehemu ni yangu pekee.

Sasa wacha nijitoe lock kidogo, kwa sababu sijaandika hapa kama malaika.

Kabla niache chuo mwaka wa pili, karo ilipokataa, mimi ndiye nilikuwa mtu wa taulo. Kuna somo moja tulikuwa tunafanya darasa zima la mwaka, watu wengi kuliko viti. Mbogi yetu ilikuwa na mpango: mmoja anatangulia, anaweka daftari, begi, kofia, anashika mstari mzima mbele. Zamu yangu nilishika viti saba. Dem mmoja akaja, akaniuliza kwa upole kama kimoja kina mtu. Nikasema ndiyo, anakuja. Akasimama ukutani. Wale wangu wawili hawakuja kabisa siku hiyo, waliamua kubaki hosteli. Viti viwili vikakaa na daftari masaa mawili, na yule dem akaandika notsi akiwa amesimama, kitabu kwa mkono, na nilimwona. Nilimwona vizuri na sikutoa daftari. Kwa nini? Kwa sababu nilikuwa nimesema "anakuja", na nikaona aibu kukubali hakuna mtu anakuja.

Hiyo ndio siri ya hii tabia. Wengi si wabaya. Unaweka taulo kwa sababu unaogopa wengine wataweka. Halafu ukishaweka, unatetea uongo wako kwa kelele kwa sababu hutaki kuonekana mwongo. Yule mzee wa miwani alikuwa mimi, ni vile tu yeye alikuwa na mtu wa kupiga kelele. Mimi nilikuwa na ukuta na dem mpole.

Lakini nikishasema hivyo, siwaachi wenye meli.

Sheria zipo. Carnival wanajulikana kwa hiyo ya dakika 40: mhudumu anabandika karatasi ya saa kwa kiti, muda ukiisha vitu vinaondolewa. Royal Caribbean yao ni dakika 30. Kwa karatasi ni poa sana. Swali langu ni moja: sheria ikishatumika na mgeni akipiga kelele, nani anasimama na mhudumu? Kama jibu ni hakuna, basi hiyo si sheria, ni rangi ya ubao. Ukiandika sheria, ukamtuma mtu mdogo aitekeleze, halafu ukampa onyo akiitekeleza, wewe hujaweka utaratibu. Umeweka mtu wa kupigwa badala yako. Na kwa sitaha nyingi huyo mtu ametoka Ufilipino, Indonesia, India, siku hizi na Kenya. Ametoka mbali, mkataba wake unaweza kukosa kuongezwa, na nyumbani kuna karo ya mtu inamngoja. Unategemea hatajibu. Kweli hatajibu.

Kwa hivyo hii ndio yangu, ichukue ama uiache.

Kiti kimoja, mwili mmoja. Ukienda choo, kula, kuogelea, acha taulo, hakuna mtu ana shida, nusu saa inatosha. Ukienda kulala, kucheza kamari, ama kutembea mjini meli ikitia nanga, beba vitu vyako. Kama mko familia, mmoja abaki amekaa kweli, si kitabu kimekaa. Mtoto ambaye hajaamka hana kiti.

Ukikosa kiti, usirushe taulo ya mtu kwa maji kama zile video. Mwite mhudumu, muonyeshe saa, halafu usiondoke. Hapa ndio wengi mnafeli. Mnamwambia atoe, akitoa mnakaa, na mwenyewe akija mnageuza uso mnaangalia bahari. Yule mama wa watoto wawili simlaumu sana, lakini angesema sentensi moja tu kwa msimamizi, "huyu alifanya kazi yake, nilikuwa hapa", pengine hiyo barua haingeandikwa. Ukinufaika na sheria, simama na mtu aliyeitekeleza.

Na kampuni: chapisha kwa ubao kwamba mhudumu akiondoa vitu baada ya muda, malalamiko yanapelekwa kwa afisa, si kwake. Sentensi moja. Rangi mnayo tayari.

Najua kuna mtu anasoma akisema, buda, sisi na meli wapi na wapi? Wapi? Mombasa kuna gati la meli za watalii. Kuna mabeste zako wako Pwani saa hii wanasomea kazi za baharini, na mmoja wao mwaka ujao atakuwa anakunja taulo za mtu aliyelala. Na wewe Desemba utaenda Diani na mbogi, mtachanga pesa, mtaingia hoteli yenye bwawa na viti kumi, na saa moja asubuhi mmoja wenu atasema, "hebu tushike viti kwanza, halafu turudi tulale."

Hapo ndio nitajua kama ulisoma hii kitu ama uliipita.

Huyo mhudumu wa hoteli naye ni binamu ya mtu. Akikuja kukuuliza kama kiti kina mwenyewe, na hakina, sema hakina. Ni neno moja. Mimi lilinishinda mbele ya watu mia mbili, na hadi leo sijui jina la yule dem.

Taulo huanikwa. Wanaoota jua ni watu.