Tumbo Likivurugika, Msiususie Uji!

Leo nina bifu na vijana wenzangu wa hapa Mpanda. Nawasikia vijiweni: tumbo likianza kuwaendesha tu, mnatangaza mgomo. Hakuna kula, hakuna kunywa, eti "litakauka lenyewe". Jamani, hilo ni soo!

Sikilizeni niwape. Kila siku utumbo mpana hupokea kama lita moja na nusu ya maji na kuyarudisha karibu yote mwilini. Huyavutaje? Kwa chumvi. Pale Uvinza, njia ya Kigoma, watu wamechemsha maji ya chemchemi kwa zaidi ya miaka 1000: wanafukuza maji, chumvi inabaki. Tumboni ni kinyume chake. Chumvi ikivuka kuingia mwilini, maji nayo yanaifuata nyuma.

Chumvi haivuki bure, lakini. Kwenye ukuta wa utumbo mpana kuna kimeng'enya kiitwacho kaboniki anhidrasi. Kinachukua maji na kabonidayoksaidi, kinatengeneza asidi. Ukuta unatoa asidi nje, unapokea sodiamu ya chumvi ndani. Nipe nikupe, kama sokoni Buzogwe.

Sasa ugali na uji vinaingia wapi? Wanga wote haumeng'enywi huko juu. Unaobaki unadakwa na bakteria wa utumbo mpana, na vimeng'enya vyao vinaugeuza kuwa asidi laini. Asidi hizo zikipenya ukutani, ile nipe nikupe inakolea, chumvi na maji vinaingia kwa wingi. Mwaka 2000 madaktari wa Vellore, India, walieleza kwamba wagonjwa wa kipindupindu walioongezewa kwenye maji ya ORS wanga wa mahindi ulio mgumu kumeng'enywa waliacha kuharisha mapema kuliko waliopewa ORS ya kawaida. Umeona? Ukigoma kula, unawanyima vibarua wako malighafi.

Kwa hiyo, mshikaji, pakiti ya ORS ndiyo chaguo la kwanza, ichanganye kama ilivyoandikwa. Huna? Chukua lita moja ya maji safi yaliyochemshwa na kupoa, vijiko vya chai 6 vya sukari na nusu kijiko cha chai cha chumvi, vyote vya kusawazisha. Sukari ndiyo inayoishika chumvi mkono na kuivusha kwenye utumbo mwembamba. Chumvi msizidishe, inadhuru. Kunywa kidogo kidogo, na uji uendelee.

Ila ukiona choo kama maji ya mchele, damu, macho yamezama au mkojo umekata, acha ubishi, wahi kituo cha afya. Mtoto mdogo ndiyo kabisa, msimsubirishe hadi kesho.

Kugoma kazini pengine utaongezwa mshahara. Kugoma kula huku unaharisha, mie sijui utalipwa na nani! Tuonane wiki ijayo.